Kabla ya Kuizima na Kuiwasha

Saa nane na dakika ishirini mchana wa Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, tovuti zilianza kukatika duniani kote. X iligoma, ChatGPT iligoma, na hapa Dar es Salaam simu zetu sisi mafundi wa tovuti zikaanza kuita: tovuti ya kampuni haifunguki, tovuti ya duka haifunguki. Baada ya muda zikafunguka. Wateja hawajamaliza kushukuru, zikakatika tena. Vijana ninaofanya nao kazi walishapata jibu: kuna watu wanashambulia mtandao.

Hata wahandisi wa Cloudflare walidhani hivyo mwanzoni. Takriban tovuti moja kati ya kila tano duniani huwapitisha wageni wake kwenye mitambo ya kampuni hiyo, na tatizo lilikuwa kwao. Kilichowapotosha ni ile hali ya kuja na kuondoka. Kila baada ya dakika tano mfumo wao ulikuwa unatengeneza faili la kusaidia kutambua roboti zinazojifanya watu. Siku hiyo ruhusa za hifadhidata zilikuwa zimebadilishwa, na badiliko hilo likafanya mistari ya faili ijirudie hadi ukubwa wake ukaongezeka maradufu. Programu ya kulisoma ilikuwa na kikomo cha vipengele 200. Kikomo kikapitwa, programu ikaanguka. Lakini hifadhidata hiyo ipo kwenye mashine nyingi, na ni baadhi tu zilizokuwa zimeshapokea badiliko. Kwa hiyo ombi la kutengeneza faili likiangukia mashine iliyobadilishwa, faili bovu lilisambaa dunia nzima. Likiangukia ambayo bado, faili zuri lilisambaa na kila kitu kikapona. Tovuti zilianza kurudi kwa wingi saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu, na kazi yote ikaisha saa mbili usiku na dakika sita. Siku hiyohiyo, kwa saa za kwao, mkuu wa kampuni, Matthew Prince, alichapisha ripoti ndefu yenye chanzo, muda wa kila hatua, na hata dhana ya shambulio iliyowapotezea muda.

Niliisoma ripoti ile asubuhi iliyofuata, na miaka yangu ya mwanzo kazini ikanirudia. Tovuti iliyokufa kabisa haisumbui sana, kwa sababu ipo palepale, unaipima utakavyo. Inayokufa na kufufuka ndiyo inayokula watu usiku na mchana. Ushahidi wake ni mdogo na unapotea upesi, na mara nyingi uko mikononi mwa mtu ambaye hakuna fundi aliyemuuliza.

Niliingia kazi hii wakati intaneti ya Tanzania ilikuwa bado inategemea setilaiti. Ombi la ukurasa lilipanda karibu kilomita 36,000 angani, likashuka, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Safari hiyo peke yake ilikula karibu nusu sekunde, bila kuhesabu kazi ya seva. Katika hali hiyo kila hitilafu ilikuwa na pa kuegemea. Mvua ikinyesha, ni dishi. Jua likiwaka, ni setilaiti. Mteja akipiga simu, aliambiwa maneno ambayo kila Mtanzania ameshaambiwa benki, posta na kwenye ofisi za serikali: mtandao unasumbua. Mwezi Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikawashwa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Tulitarajia kukatikakatika kutaisha. Kurasa zilifunguka haraka zaidi, kweli, lakini tovuti kadhaa tulizozitunza ziliendelea kulala na kuamka kama zamani. Hapo ndipo tulipolazimika kukubali kwamba kwa muda mrefu setilaiti ilikuwa inabeba lawama za seva zetu.

Mojawapo ilikuwa tovuti ya taasisi iliyokuwa ikitangaza majina ya watu waliochaguliwa kwa mafunzo. Siku za kawaida ilikuwa nzima. Majina yakitoka tu, inakufa. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kuwasha seva upya. Ikiwashwa, ilifanya kazi kwa muda, wakubwa wakapumua, kisha ikalala tena, na aliyekuwa zamu akarudi kwenye kitufe kilekile. Tulikuwa na mzee mmoja aliyeanzia kwenye ufundi wa simu za mezani kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Siku moja alimkuta kijana wa zamu ameshanyoosha mkono. "Subiri, mwanangu," akamwambia. "Ukiizima umefagia nyayo." Akavuta kiti, akaanza kunakili kwenye karatasi kile alichokiona kwenye skrini: memori iliyobaki, idadi ya michakato, mistari ya mwisho ya logi, yaani kumbukumbu ambamo seva huandika yaliyotokea.

Karatasi yake ndiyo iliyotatua kesi. Seva ile ilikuwa inaendesha programu ya wavuti ya Apache kwa ule mtindo wake wa zamani ambao kila mgeni hupewa mchakato wake peke yake. Kikomo kilikuwa wageni 256 kwa wakati mmoja, kama kilivyokuja na programu. Mzee alipima mchakato mmoja akakuta unakula kama megabaiti 30. Zidisha mwenyewe: 256 mara 30 ni megabaiti 7,680, na seva yetu ilikuwa na gigabaiti mbili tu za memori. Wageni wakiwa wachache hesabu hiyo haionekani. Wakijaa, seva huanza kutumia diski badala ya memori, kila kitu kinakuwa kizito, na mwishowe Linux yenyewe huchagua programu ya kuua ili iokoe mashine. Mara nyingi huchagua inayokula memori nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa MySQL. Tovuti ikabaki imesimama bila hifadhidata.

Jambo moja la kesi ile bado nalieleza kwa kila kijana anayeanza. Logi ya Apache ilikuwa na ujumbe uliosema kikomo cha wageni kimefikiwa, na kwamba tufikirie kukiongeza. Mafundi wawili walikuwa wameshautii ushauri huo, tovuti ikawa inakufa mapema zaidi, wakakirudisha kilipokuwa. Mzee alikipunguza hadi 40. Tukamshangaa, kwa sababu alikuwa anafunga milango siku ya umati. Lakini wageni 40 wakihudumiwa ndani ya memori iliyopo humalizwa haraka, na walio nyuma hungoja kidogo tu wakaingia. Tovuti haikulala tena siku ile. Logi inasema kweli kuhusu kilichotokea. Kuhusu la kufanya, mzee alipiga hesabu mwenyewe.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo ilikuwa ya kwetu zaidi. Msomaji aliyeko kijijini kwenye modemu ya polepole huchukua muda mrefu kupokea ukurasa mmoja, na muda wote huo ameushika mchakato wake mzima. Watu mia wenye intaneti dhaifu waliichosha seva kuliko watu mia wenye intaneti nzuri. Dawa tuliyoitumia baadaye ni kuweka nginx mbele ya Apache. Mrusi Igor Sysoev alikuwa ameitoa programu hiyo kwa umma mwaka 2004 akilenga hasa tatizo la wageni wengi kwa wakati mmoja. Nginx hupokea jibu kutoka Apache mara moja, kisha yenyewe ndiyo inayomngoja msomaji wa polepole bila kushikilia memori nyingi.

Kesi iliyonibadilisha kuliko zote, hata hivyo, haikuhitaji programu yoyote mpya. Ilihitaji daftari.

Ofisi moja ya mjini ilikuwa na seva yake yenyewe, imewekwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi. Tovuti yao ilikuwa inakatika mchana, kwa muda mfupi au mrefu, kisha inarudi yenyewe. Fundi wa kwanza alibadilisha kebo. Wa pili alibadilisha swichi. Wa tatu alisema seva imezeeka. Nilipofika, dada wa mapokezi alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, na nilipomuuliza tatizo linatokea saa ngapi akafungua droo akatoa daftari la mistari. Kwa kuwa wateja walimpigia yeye kila tovuti ilipokatika, alikuwa ameanza kuandika: siku, saa, nani amepiga, amesema nini. Mafundi wote watatu walikuwa wamempita pale mezani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilikaa nalo daftari lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na seva. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na hata mstari mmoja. Siku za kazi mistari ilianzia baada ya saa tatu asubuhi na kuisha jioni. Kulikuwa na wiki nzima tupu. Dada akaniambia bila mimi kumuuliza: "Wiki hiyo mhasibu alikuwa safari." Na kulikuwa na mstari ambao fundi wa pili alikuwa ameupuuza alipoambiwa. Mteja alipiga simu kusema kwamba amefungua tovuti ya ofisi akakuta ukurasa wenye habari za wino. Fundi alijibu kwamba mteja huyo alikosea anwani.

Mteja hakukosea. Ndani ya ofisi, kila kifaa hutambuliwa kwa anwani ya IP, na ruta huweka jedwali linaloonyesha anwani hiyo ni ya kifaa gani halisi. Printa ya mhasibu ilikuwa imepewa kwa mkono anwani ileile ya seva. Ikiwashwa, vifaa viwili vilidai anwani moja, na jedwali la ruta likawa linageukageuka. Anayeitafuta tovuti alipelekwa mara kwenye seva, mara kwenye printa. Printa nyingi za ofisi zina ukurasa wao mdogo wa wavuti wa kuonyesha hali ya karatasi na wino, na huo ndio alioufungua mteja yule. Wengine walifika wakati printa imelala, hawakujibiwa na mtu.

Kuthibitisha kulikuwa kazi ya muda mfupi. Niliuliza mtandao ni nani mwenye anwani ile, yakaja majibu mawili kutoka vifaa viwili tofauti. Tukaenda kwa mhasibu, tukaipa printa anwani nyingine. Kabla ya kuondoka nililinganisha daftari na logi za seva, na hapo palihitaji uangalifu, kwa sababu seva ilikuwa inahesabu saa za kimataifa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nne asubuhi ya dada ilikuwa 07:00 kwenye logi, na mtu mwenye haraka angeisoma hiyo kuwa saa saba. Zilipopangwa vizuri, kila mstari wa daftari ulikuwa na pengo lake kwenye logi: dakika ambazo hapakuwa na mgeni hata mmoja. Seva haikuandika kosa lolote kwa sababu haikukosea. Wageni hawakufikishwa kwake. Mafundi walikuwa wakitafuta kosa ndani ya logi, na ushahidi wote ulikuwa kwenye sehemu ambazo logi ilinyamaza.

Tangu siku ile sianzi na seva. Naanza na mtu aliyeona.

Ndivyo nilivyompata mwalimu wa Mwanza. Tovuti ya shule yao ilikuwa imehamishiwa kwenye seva mpya, na sisi wa Dar tuliifungua bila shida. Yeye alipiga simu akaambiwa asafishe kivinjari. Akapiga tena. Simu ikaja kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize vizuri. Asubuhi nimefungua, imekuja. Mchana haipo. Mwenzangu meza ya pili kwake inakuja. Sasa usiniambie kompyuta yangu mbovu, maana jana ilikuwa kwangu inakuja na kwake haiji."

Maelezo yale yalikuwa bora kuliko ripoti nyingi nilizowahi kupokea kutoka kwa wataalamu. Nikamwomba anisomee maneno aliyoyaona kwenye skrini, neno kwa neno. Alisema kivinjari kinadai seva imechukua muda mrefu mno kujibu. Maneno hayo si sawa na kuambiwa seva haikupatikana, na wala si sawa na kuambiwa muunganisho umekataliwa. Isipopatikana, jina la tovuti limeshindwa kutafsiriwa kuwa anwani. Ikikataliwa, mashine ipo ila programu ya wavuti haiko kazini. Ikichelewa mpaka mwisho, kivinjari kimepewa anwani na kimeenda kubisha hodi mahali ambapo hakuna wa kuitika. Kwa hiyo jina lilikuwa linapatikana, ila lilikuwa linampeleka kwenye nyumba iliyohamwa.

Kwa kawaida jina la tovuti hutunzwa na angalau seva mbili za majina. Nikaziuliza zote mbili. Ya kwanza ilitoa anwani mpya. Ya pili ilikuwa bado inatoa ya zamani, na mashine ya zamani ilikuwa imeshazimwa. Seva ya pili hunakili kutoka ya kwanza pale tu inapoona namba ya toleo imeongezeka, na aliyebadilisha anwani hakuigusa namba hiyo. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa ikipata jibu kutoka mojawapo ya seva hizo, kwa bahati tu, kisha jibu linashikiliwa kwa muda uliowekwa na mwenye jina, ambao kwetu ulikuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ndiyo maana jana kwake ilikuwa nzuri na leo mchana mbaya. Mwalimu yule hakuwa na neno hata moja la kitaalamu, na kila alichosema kilikuwa sahihi.

Kesi nyingine naipitia haraka. Gazeti moja lilikatika kila usiku wa manane, na sisi tuliolala hatukujua. Walioona ni wasomaji Watanzania walioko Marekani, ambao saa nane yetu ya usiku kwao ni jioni ya kukaa na kusoma habari. Bakapu ya usiku ilikuwa inafunga majedwali ya hifadhidata mpaka imalize kunakili. Walikuwa wameandika barua pepe nyingi, zimekaa kwenye sanduku la chumba cha habari ambalo fundi hafungui.

Sisemi kwamba mtandao hausumbui kamwe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikaumia sana. Lakini hata siku ile jibu la jumla halikutosha. Tovuti iliyokaa kwenye seva ya hapa nchini, ikiunganishwa na watoa huduma wetu kupitia kituo cha mabadilishano ya intaneti cha TIX, haihitaji kuvuka bahari kumfikia msomaji wa Ilala au Kinondoni. Iliyokaa ng'ambo inahitaji. Mwenye biashara ana haki ya kujua yake ni ipi, kwa sababu hatua ya kuchukua baadaye si moja.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sifichi. Ofisi zetu nyingi, kubwa na ndogo, bado zinatoa tangazo la mistari miwili: kuna tatizo la kiufundi, tunaomba radhi. Kisha kimya. Mwanafunzi amesafiri kutoka kijijini kwenda mjini kutuma maombi ya chuo, amelipia intaneti kafe kwa saa, mfumo unakuja na kuondoka, na hakuna anayemwambia asubiri au arudi kesho. Kutoeleza chanzo kunatokana mara nyingi na kutokijua, na kutokijua kunatokana na kile kitufe. Seva imewashwa upya, huduma imerudi, kesi imefungwa mpaka wiki ijayo.

Nimebishana na mameneja kuhusu hili, na hoja yao ina uzito: mteja hataki uchunguzi, anataka huduma. Daktari anayengoja majibu ya maabara hawezi kuambiwa tunanakili logi kwanza. Mahali pa namna hiyo, washa upya, lakini uwe umeshaandaa logi ziende kwenye mashine nyingine kila sekunde, ili kuzima huku kusifute cha kule. Pengine pote, dakika mbili zinatosha: saa iliyopo, memori iliyobaki, nafasi ya diski, orodha ya michakato, miunganisho iliyo wazi, mwisho wa logi ya wavuti, ya hifadhidata na ya Linux yenyewe. Timu yangu ina amri moja inayokusanya yote hayo na kuyahifadhi nje ya seva. Hakuna anayeruhusiwa kuwasha upya kabla ya kuiendesha.

Na tumeanza kuwaandikia wateja. Kila baada ya kukatika kukubwa, wanapata ukurasa mmoja wa Kiswahili: ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, nini kilisababisha, nini tulidhani kwanza na kwa nini haikuwa hivyo, na tumebadilisha nini. Wakubwa waliogopa kwamba tungejianika. Kilichotokea ni kwamba wateja walianza kujibu kwa namna ileile. Baada ya taarifa moja kuhusu diski iliyojaa, mwenye duka wa Moshi alituandikia: "Kaka, ya kwangu haikuwa hiyo. Mimi imekatika juzi saa tatu na robo usiku, mteja akiwa kwenye kulipa. Imeandika 504. Picha hii hapa."

Namba 504 maana yake nginx imemngoja wa nyuma yake mpaka imechoka. Tulikwenda kwenye logi ya dakika aliyoitaja, tukakuta programu ya duka imesimama ikingoja jibu la mfumo wa malipo wa nje, bila kikomo cha kungoja, na kila mnunuzi aliyefuata amepanga foleni nyuma yake. Lilikuwa tatizo lingine kabisa. Lilikuwa limejificha ndani ya kukatika kule kwa diski, na sisi tulikuwa tumeshafunga kesi.